Mkaja, Sindano na Barua za Seli

Agosti 2021 nilikuwa Tanga na mtoto wa wiki tatu, nimefungwa mkaja, nakandwa na shangazi maji moto asubuhi na jioni. Chanjo ya korona ndiyo kwanza ilikuwa imeingia nchini, ile ya sindano moja. Nikasema nakwenda. "Mwanangu, mwili wa mzazi bado uko wazi," akanijibu, "hauchokozwi." Nikaenda hivyohivyo. Nesi akanitazama, akamtazama mtoto, akaniambia nirudi siku nyingine. Sababu hakutoa.

Hasira zangu huishiaga kwenye kusoma. Nikaanzia Mill Hill, London, mwaka 1957. Alick Isaacs na Mswisi Jean Lindenmann waliweka vipande vya utando wa yai la kuku pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Kisha wakachukua yale majimaji tu, wakayatia kwenye vipande vingine vibichi. Humo virusi hai vikashindwa kuzaliana. Seli zilizoguswa zilikuwa zimetoa kitu cha kuwaonya wenzao. Wakakiita intaferoni. Zikaja kugunduliwa molekuli nyingine za aina hiyo, na mwaka 1974 Stanley Cohen akazipa jina la ukoo: sitokini. Mimi naziita barua, wanasayansi wanune wakitaka. Chanjo ikiingia mwilini, ndizo zinazoiambia kinga ijibu kwa namna gani.

Sasa mimba. Mwaka 1953 Peter Medawar aliuliza: mtoto nusu yake ni ya baba, kwa kinga ya mama ni mgeni, mbona hafukuzwi kama ngozi iliyopandikizwa? Mwaka 1993 Thomas Wegmann na wenzake wakasema kinga ya mama hailali, inabadili barua: zile za kuamsha seli zinazoua hupungua, zile za kusaidia kutengeneza kingamwili huongezeka. Wazo hilo limerekebishwa sana tangu hapo, maana mimba ina majira yake. Na mama akishajifungua mizani inageuka tena. Ndiyo maana baridi yabisi iliyotulia wakati wa mimba mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Kumbe shangazi hakuwa anabuni. Ila Boston, mwaka huohuo wa 2021, watafiti waliwapima wajawazito na wanaonyonyesha waliochanjwa chanjo za mRNA, za dozi mbili. Baada ya dozi ya kwanza kingamwili zao zilichelewa kupata nguvu ya kuziita seli nyingine za kinga. Baada ya ya pili, wanaonyonyesha wakawafikia wenzao wasio na mimba. Kuchelewa, siyo kushindwa. Lakini yetu ilikuwa sindano moja, na hapo ndipo nilipokwama.

Nikamsimulia shangazi yote. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza: "Hao wa Boston walikandwa?"

Siku ya arobaini na moja alinisindikiza mwenyewe, kambeba mtoto. Alipomwona nesi ni yuleyule, akanipita kwenye foleni, akatangulia mbele.