Jahazi au Mtumbwi? Safari ya Rusizi, 1858

Hapa Bwiza wanafunzi wetu huita kila chombo cha majini "boti". Historia ya ziwa letu yaonyesha kwamba tofauti za vyombo zina uzito.

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji. Walitaka kujua jambo moja: je, mto Rusizi unaingia katika Ziwa Tanganyika au unatoka? Kama unatoka, huenda ziwa hili ndilo chanzo cha Nili. Jahazi lina tanga na nafasi ya mizigo, nalo laweza kukata ziwa katikati. Mtumbwi, yaani gogo lililochongwa, huenda kwa makafi, hufuata ufuko, na abiria hulowa.

Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kukodi jahazi la Sheikh Hamed, akarudi mikono mitupu. Basi wakapanda mitumbwi miwili ya Kannena, mkuu wa Kawele pale Ujiji, wakafika Uvira mwezi wa Aprili. Hapo wapiga makafi walikataa kuendelea. Wenyeji walimweleza Burton kwamba Rusizi unaingia ziwani, lakini hakuuona mlango wake.

Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliuona, nao pia walikwenda kwa mtumbwi. Kwa hiyo kilichowakwamisha wa kwanza si chombo peke yake, bali pia suala la nani mwenye amri ndani yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Walimu wenzangu, tunapofundisha msamiati huu, tuanze na swali hili: kinakwenda kwa tanga au kwa kafi?