Tovuti za video

Tovuti za video ni huduma za intaneti ambako mtu hupakia video zake ili wengine wazitazame. Vimeo ilianza mwaka 2004. YouTube ilifuata Februari 2005, na Google ikainunua mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65. Dailymotion, ya Paris, nayo ni ya 2005. Kwa muda ilimilikiwa na Orange, kampuni ileile inayouza mega za intaneti Lubumbashi, kabla ya Vivendi kuichukua mwaka 2015.

Kwa mtazamaji wa Kipushi, mji wa machimbo ya zinki mpakani na Zambia, tofauti ya maana iko kwenye mega. YouTube humwachia achague ubora: akishusha hadi 144p, sura zinaingia ukungu lakini sauti inabaki, na kwa mahubiri au rumba hiyo inatosha kabisa. TikTok, iliyotoka China, huanza kupakua video inayofuata kabla hajaiomba, hivyo kifurushi huyeyuka upesi. Kuhusu urefu, YouTube hupokea video ya hadi saa 12 kutoka kwa akaunti iliyothibitishwa. TikTok ilizoea sekunde 15, ikafika dakika 10 mwaka 2022. Vimeo haitegemei matangazo: anayelipa ni mpakiaji.