Afya Haijikadirii

Katika orodha mpya ya istilahi za uzee iliyonifikia, katikati ya "ulemavu" na "utegemezi", nimekuta "afya iliyojikadiria", yaani jibu la mzee mwenyewe anapoulizwa afya yake ikoje. Kiambishi -ji- humrudia mtenda. Aliyejikata kajikata mwenyewe. Basi hii ni afya iliyoketi, ikashika kalamu, ikajipa alama, na mzee mwenyewe yuko nje anasubiri kuitwa. Kamati iliyopitisha jambo hili ilikuwa na wajumbe wenye shahada za kutosha. Barua yangu kwao haijajibiwa.

Wapo waliokuja na "tathmini binafsi ya afya". Sarufi imenyooka, maana bado. Tathmini ni ndugu wa thamani, yote mawili ya Kiarabu, na kiini chake ni kutia bei, kama ufanyavyo kwa mbuzi mnadani. Kukadiria nako kuna mzizi mmoja na kadiri na kadari, mzizi wa kupima na kupanga kiasi. Lakini kwa Kiswahili cha leo anayekadiria ni yule asiye na hesabu kamili, anayengoja mwenye mizani aje amsahihishe. Ukishamwita mzee mkadiriaji, umekwisha kusema kwamba jibu la kweli liko kwa daktari.

Utafiti hausemi hivyo. Mossey na Shapiro walipochapisha mwaka 1982 matokeo ya wazee wa Manitoba, Kanada, waliosema afya yao ni mbaya walikuwa na hatari ya kufa mapema karibu mara tatu ya waliosema ni nzuri sana, hata maradhi yao yalipokwisha kuzingatiwa. Mwaka 1995 Idler na Kasl wakaonyesha kwa wazee wa New Haven, Marekani, kwamba jibu hilohilo hutangulia kupungua kwa uwezo wa mwili miaka inayofuata. Marja Jylhä wa Finland alieleza mwaka 2009 kwamba mtu hupata habari za mwili wake kwa ndani, nyingine zikiwa hazijafika kwenye kipimo chochote. Bibi ambaye kadi yake ya kliniki inasomeka "presha imetulia" ndiye anayejua kwamba siku hizi hainuki kitandani mpaka ashike ukingo na kupumzika kwanza. Huyo hakadirii kitu. Anaona.

Ndiyo maana nashikilia "mjiono wa afya". Kwenda kumezaa mwendo, kucheza mchezo, kuona mwono. Kujiona kutazaa mjiono, wingi mijiono, bila kuvunja kanuni yoyote. Mpinzani mmoja, ambaye istilahi zake mwenyewe huhitaji mkalimani, amedai kwamba kujiona ni kuringa. Kweli, "anajiona" ikikatwa hapo ni majivuno. Lakini anayekwenda kumjulia hali mgonjwa huuliza nini? "Unajionaje leo?" Naye hujibu, "Najiona afadhali." Sijapata kusikia mgonjwa akituhumiwa maringo kwa jibu hilo. Neno lilikuwa vitandani na vibarazani kabla kamati haijakaa.

Wengine wangependa "mjiono wa siha". Siha na sahihi vina mzizi mmoja, maana yake kuwa mzima bila kasoro, na kwa kijana anayepimwa kujiunga na jeshi ingefaa. Afya inatoka kwenye mzizi uliotupa pia afueni na lile "afu" la kusamehe: ni kuepushwa na balaa, kuachiliwa. Mzee mwenye magoti mabovu na sukari hana siha, ila aweza kabisa kusema ana afya, na tofauti hiyo ndiyo inayowashughulisha watafiti. Wanaoyachanganya maneno haya mawili kwa kusingizia mapambo ya lugha wangefaa kurudi kwenye kamusi.

Kuhusu matumizi: dodoso liulize "Kiafya, siku hizi unajionaje, mzee?", jibu liwe kati ya vizuri sana na vibaya sana, na mhoji asubiri salamu ziishe kabisa. "Habari za asubuhi" hujibiwa "njema" hata na aliyekesha na homa, na "njema" hiyo isiandikwe.