Masomo ya kuputi: yanamfaa mchezaji wa Jumamosi?

Anayeishi Rodi Kopany na kupenda gofu hana budi kusafiri. Hapa pana njia panda ya Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, pana soko na bodaboda tele, lakini kiwanja cha gofu hapana. Atapitia Rongo aende Kisii, au aende mbali zaidi mpaka Kisumu kwenye kiwanja cha Nyanza. Nauli juu yake, ada ya kiwanja juu yake, na mbebaji mfuko naye alipwe. Ndiyo maana swali aliloniuliza ndugu mmoja wa huku, mchezaji wa Jumamosi kwa Jumamosi, si la mzaha: akiongeza na pesa za mwalimu wa kumfundisha kuputi tu, zitarudi?

Kwa msomaji asiyecheza, kuputi ni kuuviringisha mpira kwa fimbo yenye uso bapa juu ya grini, zile nyasi zilizokatwa fupi kama zulia, mpaka utumbukie shimoni. Shimo lina upana wa milimita 108, kipimo kilichowekwa kuwa sheria mwaka 1891. Kiwanja cha mikwaju 72 hutengewa mikwaju miwili ya grini kwa kila shimo, jumla 36. Nusu ya mchezo mzima! Hapo ndipo walimu wanapomnasa mteja.

Lakini nusu hiyo inadanganya. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, alichambua mikwaju kwa maelfu na kuandika kitabu mwaka 2014. Alionyesha kwamba kama thuluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na wa kawaida hutokana na mikwaju mirefu, ile ya nje ya yadi 100. Kuputi huchangia kama asilimia 15 tu. Bingwa wa kulipwa akiwa futi 8 kutoka shimoni hutumbukiza mara moja kati ya mbili. Mchezaji wa kawaida anayemaliza kwa mikwaju 90 hufikia nusu hiyo akiwa futi 5. Tofauti ipo, ila si bahari.

Basi masomo hayafai? Yanafaa, tena sana, yakilenga mahali penye kasoro. Chukua uso wa fimbo. Ukikengeuka digrii moja tu unapogusa mpira, kwa mita moja na nusu mpira utapotoka sentimita 2.6 hivi, na bado utaingia. Kwa mita tatu ni sentimita 5.2, na hapo uko kwenye ukingo wa shimo. Digrii mbili, umekosa. Jicho la mchezaji mwenyewe haliwezi kuiona digrii moja, kwa sababu amesimama juu ya mpira na anauangalia kwa pembeni. Mwalimu akisimama nyuma yake anaiona kwa dakika tano. Kwa kazi hii mwalimu analipwa kwa haki.

La pili ni macho. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza, Samuel Vine na wenzake, waliwachukua wachezaji 22 wenye hendikapu ya chini. Baadhi yao walifundishwa kutuliza macho kwenye mpira kabla ya kupiga na kuyaacha pale pale hata mpira ukishaondoka. Hao walipunguza karibu mikwaju miwili ya grini kwa kila mzunguko. Walikuwa stadi tayari, kwa hiyo nisimwahidi mchezaji wa Jumamosi hesabu ile ile. Ila zoezi lenyewe halina gharama, na sioni kwa nini lichukue zaidi ya somo moja.

Kuna jambo ambalo mwalimu wa mbali hawezi kukupa, nalo ni grini yenyewe. Kwetu Mombasa kiwanja kiko ukingoni mwa bahari, karibu na Likoni, na upepo wa pale una maoni yake. Nyasi za bermuda, zinazopendwa nchi za joto, zina mlalo: ukiputi kuufuata mpira hukimbia, ukiputi kinyume chake husita. Mambo haya mbebaji mfuko wa kiwanja husika anayajua kuliko mtu yeyote, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kazi hiyo. Nashangaa watu wanaolipa mwalimu kisha wanamnyamazisha mbebaji.

Ushauri wangu kwa yule ndugu ni huu. Mizunguko mitano ijayo aandike kwenye kadi mikwaju ya grini peke yake, na aweke alama kila anapoputi mara tatu. Zikiwa alama nyingi, alipie masomo mawili, moja la uso wa fimbo na jingine la nguvu ya mkwaju wa mbali, kisha arudi Rodi aendelee sebuleni. Sakafu ya saruji, mstari wa chaki na bilauri iliyolazwa vinatosha, dakika kumi kila jioni. Kifurushi cha masomo kumi asikikubali. Na kadi ikionyesha kwamba mipira inapotelea vichakani kabla hata hajaiona grini, pesa hizo ampelekee mwalimu wa mikwaju mirefu.