Kigiriki na Kilatini katika Ibada ya Wakristo

Wasikilizaji wetu, mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Ikiwa Kanisa la Roma ni la Kilatini, mbona katika Misa yake huimbwa Kyrie eleison, nayo ni Kigiriki?" Swali ni zuri, na jibu lake laanzia mbali, tena sehemu yake kubwa yapita katika bara letu la Afrika.

Wengi hudhani kwamba Wakristo wa Roma walisali kwa Kilatini tangu siku ya kwanza. Sivyo. Paulo alipowaandikia Warumi aliandika Kigiriki. Klementi wa Roma alipowaandikia Wakorinto, yapata mwaka 96, naye aliandika Kigiriki. Maana mji ule ulijaa wageni, watumwa na wafanya biashara waliotoka mashariki, na Kigiriki kilikuwa lugha yao ya kuelewana, kama Kiswahili kilivyo kwetu katika masoko.

Basi Kilatini cha Wakristo kilitoka wapi? Maandishi yake ya kwanza ambayo tarehe yake yajulikana hayatoki Roma, bali Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Tarehe 17 Julai mwaka 180, watu 12 wa mahali paitwapo Scillium, waume 7 na wake 5, walihukumiwa na liwali wa Kirumi, Saturninus. Liwali akauliza wana nini katika sanduku lao. Mmoja wao, Speratus, akajibu kwamba mna vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Liwali akataka kuwapa siku 30 wafikiri, wakakataa. Siku ile ile wakauawa kwa upanga. Habari za baraza hilo ziliandikwa kwa Kilatini, na wachunguzi wengi huona kwamba zile barua sandukuni nazo zilikuwa zimekwisha kufasiriwa katika lugha hiyo.

Miaka michache baadaye Tertuliano, mtu wa Karthago huko huko, alianza kuandika vitabu vya dini kwa Kilatini, ikampasa kutafuta maneno. Askari wa Kirumi alipoapa kumtii mkuu wake, kiapo chake kiliitwa sacramentum. Tertuliano akalichukua neno hilo kwa ubatizo, na kwa njia hiyo nasi leo twasema Sakramenti.

Roma yenyewe ilichelewa. Ni kuelekea mwisho wa karne ya nne ndipo sala kuu ya Misa ilipokuwa imekwisha kugeuzwa kuwa Kilatini. Wakati huo Yeronimo alikuwa akifasiri upya Agano la Kale kutoka Kiebrania, na kazi yake ilizusha matata. Mwaka 403 Agostino alimwandikia habari za mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya. Askofu mmoja wa huko alisomesha kanisani kitabu cha Yona kwa tafsiri mpya. Watu walikuwa wamezoea, tangu babu zao, kusikia kwamba mmea uliomtilia Yona kivuli ni mmumunye. Sasa wakasikia mmea mwingine, ule utambaao kutani. Ikawa ghasia, hasa kwa Wagiriki waliokuwapo, wakidai kwamba tafsiri ni ya uongo, hata askofu akalirekebisha neno lile asije akabaki bila watu. Twamheshimu sana Yeronimo, lakini katika shauri hili tungependa kuwatetea watu wa Oea. Neno ulilolisikia kwa bibi yako halikutoki kwa kuambiwa tu kwamba lina kosa. Tena Yeronimo mwenyewe alikiri kwamba Kilatini hakina jina la mmea ule. Wengi leo hudhani ulikuwa mbarika, huu uotao nyuma ya nyumba zetu.

Sasa turudi kwa Kyrie. Wengine huona kwamba ni salio la Kigiriki cha kale cha Roma, lakini ushahidi waelekea kwingine. Kati ya mwaka 381 na 384 mwanamke aitwaye Egeria alisafiri kutoka magharibi hata Yerusalemu, akaandika aliyoyaona. Jioni shemasi alipotaja majina ya watu wa kuombewa, watoto wengi waliosimama hapo waliitikia, Kyrie eleison, yaani Bwana, utuhurumie. Itikio hilo lilienea magharibi, na mwaka 529 mkutano wa maaskofu huko Vaison, Ufaransa, ukaamuru liimbwe katika makanisa yao pia, kama ilivyokwisha kuwa desturi mashariki na Roma. Misa ya Roma ilibaki na Kilatini chake hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu lugha za watu, mwaka 1963. Nalo Kyrie likabaki ndani yake, halikufasiriwa.

Tulipompa mwanafunzi wetu jibu hili, akauliza tena: je, watoto wale wa Yerusalemu wote walijua Kigiriki? Tukamsomea habari za Egeria. Asema kwamba walikuwapo watu wa nchi ile waliojua Kisiria peke yake, na kwamba askofu aliponena Kigiriki, alisimama padre kando yake kuwafasiria.