Mgomba Usio na Mbegu: Habari za Vibanja vya Bukoba

Katika mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, na ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa amewaonyesha wanachuoni wa dunia namna ya kuusoma udongo kwa kuufuata kutoka kileleni hata bondeni, alitoa makala juu ya ajabu ya ardhi ya Bukoba: ya kuwa udongo wa asili moja, uliochakazwa na mvua zile zile, ulibeba mahali pamoja migomba minene yenye mikungu mizito, na hatua chache kutoka hapo ulibeba nyasi dhaifu tu. Migomba ilikuwa katika kibanja, na nyasi zilikuwa katika rweya. Mgeni angedhani kwamba wazee wa Kihaya walijitwalia udongo mwema wakauacha mbaya, na bila shaka katika kuchagua walikuwa na macho. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba rutuba ya kibanja ilitengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikafanana na tunu ya maumbile.

Namna ya kuitengeneza ilikuwa hivi. Mvua ya ukingo wa ziwa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huzama ardhini ikichukua chakula cha mimea na kukipeleka chini kusikofikiwa na mizizi. Kupambana na hasara hiyo, nyasi za rweya zilikatwa, zikafungwa mizigo, zikabebwa vichwani hata nyumbani, zikatandikwa sakafuni kuwa zulia la wenyeji na wageni, na zilipochakaa zikatolewa nje zikawekwa chini ya migomba. Ng'ombe nao walilishwa rweyani mchana kutwa na kulala nyumbani usiku, ili samadi yao ibaki pale ilipotakiwa. Na majivu ya jikoni pamoja na maganda ya ndizi yalifuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kila kibanja kilichositawi kilikuwa na rweya iliyokilisha, nayo rweya ikabaki fukara kwa sababu ilitoa pasipo kurudishiwa. Napenda jambo hili lifahamike vyema, kwa sababu wengi husifu migomba ya Buhaya kama kwamba iliota yenyewe kwa baraka za mvua, ilhali mvua ndiyo iliyokuwa adui wake.

Mpango wa namna hiyo huwa imara maadamu ng'ombe wapo na nyasi zipo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza mifugo mingi, na asiye na ng'ombe hakuwa na samadi. Baadaye bei ya kahawa iliwavuta watu kuzidisha mibuni katikati ya migomba, watu wenyewe wakaongezeka, na rweya ikaanza kumegwa kwa mashamba na kwa miti ya kupandwa. Frederick Baijukya, ambaye tasnifu yake juu ya mashamba haya ilikubaliwa katika Chuo Kikuu cha Wageningen mwaka 2004, alichunguza kama mimea ya jamii ya mikunde ingeweza kuziba pengo lililoachwa na samadi na nyasi. Na kuuliza swali hilo tu ni kukiri ukubwa wa kazi iliyokuwa ikifanywa na ng'ombe na vichwa vya watu.

Sasa tuutazame mgomba wenyewe. Ndizi ya kupika ya nyanda za Maziwa Makuu haina mbegu. Asili ya migomba ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya jirani, nayo iliyofika kwetu imeongezwa kwa machipukizi tu: mtu hung'oa mtoto wa mgomba wa jirani aliyempendeza, akampanda kwake. Aina za nyanda hizi ni nyingi, na Deborah Karamura wa Uganda alizikusanya katika makundi matano kwa kutazama maumbile yake. Hapa Kagera mama mwenye kibanja hutenganisha Enshakala na Entalagaza, na Enchoncho na Embire ya pombe, kwa kutazama mkungu tu. Lakini mwaka 2016 Mercy Kitavi na wenzake, baada ya kuzichunguza chembe za urithi, walitangaza kwamba aina zote hizo ni za nasaba moja yenye kufanana mno, watoto wa mgomba mmoja uliotapakaa kwa mikono ya watu. Tofauti zote zilizo mezani petu, za ladha, za ulaini, za rangi na za pombe, ni mabadiliko madogo yaliyotokea kwa nadra na kuonwa na jicho la mkulima kabla hayajapotea. Sijui ustadi gani wa kilimo unaostahili heshima kupita huo.

Mimea ya nasaba moja, hata hivyo, huugua pamoja. Fukusi wa migomba hutaga mayai chini ya shina, na mabuu yake hutoboa tunguu mpaka upepo wa kawaida unauangusha mgomba na mkungu wake mchanga. Minyoo ya mizizi huifanya kazi hiyo iwe nyepesi zaidi. Katika mambo ya shamba Serikali ya Kiingereza iliamini amri kuliko mashauri, na ghasia za mwaka 1937 juu ya kanuni za kahawa zilionyesha jinsi watu wa Bukoba walivyozipokea amri za shambani. Njia ya upole ilikuja baadaye sana: kuanzia mwaka 1997 mradi wa maendeleo ya jamii Kagera, uliofadhiliwa na Ubelgiji, ulileta miche kutoka hazina ya migomba iliyoko Leuven, na miongoni mwake FHIA 17 na FHIA 23 zilizozalishwa Honduras. Mikungu yake ilikuwa mikubwa ajabu. Lakini nasaba yake ni ya ndizi za kuiva, na aliyelelewa kwa Enshakala hakudanganyika chungu kilipofunuliwa.

Kisha ukaja ugonjwa wa unyanjano. Bakteria wake walijulikana kwanza Ethiopia katika ensete, jamaa ya mgomba. Mwaka 2001 walionekana Uganda, na mwaka 2006 wakatambuliwa nchini mwetu, wilayani Muleba. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu mzito wa rangi ya manjano. Wadudu huuchukua ugonjwa kutoka ua dume la mgomba mmoja hata la mwingine. Na panga, chombo kile kile kinachopogoa na kuvuna, huupeleka kutoka shina hata shina. Ndiyo maana mkulima hufundishwa kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokea, akilizungusha hata likatike pasipo kuguswa na chuma. Hufundishwa pia kulipitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Tena hufundishwa kulikata shina linalougua peke yake, bila kuung'oa mgomba mzima na watoto wake kama ilivyoamriwa hapo mwanzo. Agizo la mwanzo liliwavunja moyo wengi, kwa kuwa lilimtaka mtu aangamize kwa siku moja kile alichorithi.

Watafiti nao wamejitwisha kazi ngumu kuliko zote, yaani kuupa uzazi mgomba uliokataa kuzaa. Alfajiri, ua la baadhi ya aina za matoke lipokeapo chavua ya mgomba mwitu wa Burma uitwao Calcutta 4, huenda likatoa mbegu chache mno, na kiinitete chake hulelewa katika chupa ya maabara. Mtoto akuaye huunganishwa tena na mgomba mwingine ulioboreshwa. Kwa njia hii wataalamu wa mashirika ya utafiti wa kilimo, NARO ya Uganda na IITA, walipata jamii ya NARITA, iliyokusudiwa zaidi kushinda ugonjwa wa madoa meusi ya majani na kuzaa mikungu mikubwa. Aina zake zilijaribiwa katika kituo cha Maruku na kwingineko nchini, zikapikwa na kuonjwa na wakulima wake kwa waume, na mwaka 2021 nne kati yake ziliruhusiwa kwa majina ya TARIBAN 1 hadi 4. Kuonja huko nakuhesabu kuwa sehemu ya elimu, si adabu ya kuwapokea wageni, maana ule mradi wa miche ya FHIA ulikwama katika ladha hasa. Dhidi ya unyanjano aina hizi hazikuumbwa, na katika kibanja ambamo TARIBAN imesimama kando ya Enshakala, ua dume la kila mmoja bado huvunjwa kwa kijiti.