Dirisha Linalotazama Mto

Ukisimama katika Uwanja wa Tahrir mjini Cairo ukaupa mji mgongo, mbele yako utaona jengo refu, jembamba, lililolala sambamba na Mto Nile. Kulia kwake kuna Jumba la Makumbusho la Misri, lililofunguliwa mwaka 1902. Kushoto kuna makao makuu ya Umoja wa Nchi za Kiarabu. Jengo la katikati ni hoteli. Siku hizi inaitwa The Nile Ritz-Carlton, lakini kwa takriban nusu karne, tangu 1959, iliitwa Nile Hilton, na madereva wa teksi wenye umri mkubwa bado wanaijua kwa jina hilo.

Vyumba vya hoteli hiyo viko vya aina mbili: vinavyotazama uwanja na vinavyotazama mto. Vya mto ni ghali zaidi. Kitanda ni kilekile, shuka ni zilezile, chai ni ileile. Kinachoongeza bei ni dirisha. Makala haya yanahusu tofauti hiyo ya bei, kwa sababu dirisha hilo lilikuwa na wenyewe muda mrefu kabla hoteli haijajengwa.

Katika karne ya 19 mahali hapo palikuwa na kasri la binti wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri. Baadaye Said Pasha alilibomoa na kujenga kambi ya jeshi. Jina la kasri likabaki: Qasr al-Nil, Kasri la Nile. Mwaka 1882 Waingereza waliwashinda Wamisri huko Tel el-Kebir, wakaingia Cairo na kuifanya kambi hiyo kuwa yao. Walikaa miaka 65. Kwa muda wote huo askari wa kigeni ndio waliokuwa na madirisha ya mto, nao waliona pia kila kilichotokea uwanjani nyuma yao. Februari 1946 wanafunzi na wafanyakazi waliandamana hadi kwenye uwanja huo kudai Waingereza waondoke. Waandamanaji kadhaa waliuawa. Mwaka uliofuata kambi ilikabidhiwa kwa Wamisri, na baadaye ikavunjwa.

Kwa matajiri wa kale, kulala kando ya mto halikuwa jambo la kutamanika. Nile ilikuwa ikifurika kila mwaka, na mji ulijengwa mbali kidogo na maji. Hoteli maarufu kuliko zote, Shepheard, haikuwa ukingoni. Ilikuwa Ezbekiyya, katikati ya mji. Semiramis, iliyofunguliwa mwaka 1907, ndiyo iliyowazoesha wageni kufungua dirisha asubuhi na kuona tanga. Januari 26, 1952, siku ambayo Cairo iliungua, Shepheard iliteketea pamoja na mabaa, sinema na maduka yaliyonasibishwa na wageni. Miezi sita baadaye Maofisa Huru walimwondoa Mfalme Farouk. Shepheard mpya ilipofunguliwa mwaka 1957, ilihamia ukingoni mwa Nile. Anasa ilikuwa imeshajua mahali pa kuishi.

Hapa ndipo historia inapoanza kujipinga yenyewe. Serikali ya mapinduzi ilijenga barabara ya Corniche kando ya mto, na kwa kufanya hivyo ikakata bustani ya ubalozi wa Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikishuka moja kwa moja hadi majini. Ilikuwa ishara iliyoeleweka na kila mtu: ukingo ni wa wananchi, na balozi kama mtu mwingine yeyote atauona mto akiwa ng'ambo ya barabara. Lakini serikali hiyohiyo, kwenye uwanja ulioachwa na kambi ya Waingereza, iliamua kujenga hoteli, na ikaita kampuni ya Kimarekani kuiendesha.

Mpango ulikuwa na akili yake. Jengo lilikuwa mali ya Misri. Hilton walileta utaalamu na jina, wakagawana faida na wenye mali. Mchoro ulitoka kwa Welton Becket, msanifu wa Los Angeles, naye akapamba uso wa jengo kwa alama za maandishi ya Kimisri ya kale. Conrad Hilton hakuficha kwamba aliziona hoteli zake za ng'ambo kuwa silaha dhidi ya ukomunisti, vipande vidogo vya Marekani vilivyopandwa nchi za watu. Gamal Abdel Nasser naye alikuwa na hesabu zake. Julai 1956 Marekani ilikuwa imeondoa ahadi ya fedha za Bwawa Kuu la Aswan. Wiki moja baadaye akautaifisha Mfereji wa Suez. Kabla mwaka haujaisha Uingereza, Ufaransa na Israeli zilikuwa zimemshambulia. Mwishoni mwa 1958 Wasovieti walikubali kumkopesha fedha za bwawa. Miezi michache baadaye, Februari 1959, alifungua rasmi hoteli ya Kimarekani, akiwa na Tito wa Yugoslavia kando yake. Ni vigumu kupata picha bora ya siasa ya kutofungamana na upande wowote: Mrusi ajenge bwawa, Mmarekani atandike vitanda, na mto ubaki wa Misri.

Lakini je, mto ulikuwa wa Misri? Novemba 8 mwaka huohuo wa 1959, Misri na Sudan zilitia saini mkataba wa kugawana maji ya Nile. Misri ilipata mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Ethiopia, ambako takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka, haikuitwa mezani. Nchi za Ziwa Victoria nazo hazikuitwa. Zilikuwa bado chini ya wakoloni, na tayari zilikuwa zimefungwa na barua ambazo Uingereza na Misri zilibadilishana mwaka 1929. Kwa barua hizo, hakuna kazi iliyoruhusiwa kufanywa kwenye mito na maziwa ya makoloni hayo, ikiwa ingeweza kupunguza maji ya Misri, bila Misri kukubali.

Tanganyika ilipopata uhuru haikukaa nayo. Mwaka 1962 serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 hauifungi. Msimamo huo, kwamba taifa jipya halirithi bila kuulizwa ahadi zilizotolewa na mkoloni kwa niaba yake, wanasheria wa kimataifa wanauita Kanuni ya Nyerere.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Nilipokuwa mtoto mdogo, maji nyumbani yalikuwa ni madumu ya njano yaliyofungwa kwenye baiskeli, na bei yake ilipanda kila kiangazi. Kisha likaja bomba kutoka Ziwa Victoria, kutoka kwenye chanzo cha Ihelele hadi Shinyanga na Kahama, na bibi yangu akawa anafungua koki na kuiacha itiririke kidogo kabla ya kukinga ndoo, kwa furaha tu. Mradi huo ulitekelezwa bila kuomba ruhusa Cairo. Sikujua wakati huo kwamba koki ya bibi ilikuwa na kesi ya miaka 80 nyuma yake.

Nililijua hilo darasani, na nililielewa Cairo. Nilikwenda kwa warsha ya wanafunzi wa uzamili, na waandaaji walitulaza usiku mbili kwenye hoteli hiyo. Chumba changu kilitazama mto. Sina maneno ya kuubeza uzuri wake. Usiku maji yalikuwa meusi yenye mistari ya taa, boti za starehe zikipita na muziki; alfajiri yalikuwa ya kijivu, na mvuvi mmoja akitupa wavu karibu na daraja. Bafuni maji ya moto yalikuja mara tu nilipofungua. Nikawaza kwamba sehemu ndogo sana ya maji yale huenda ilipita Ihelele ikaachwa iende zake. Mhudumu aliyeleta taulo aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, alitabasamu na kuonyesha dirishani, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba basi mimi natoka mwanzo na yeye anatoka mwisho. Nilimuuliza kama kwao kuna dirisha la mto. Akacheka. Kwao ni mwendo wa saa moja na nusu, metro kisha basi dogo, na dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Itakuwa dhuluma nisiposema upande wake. Misri karibu haina mvua. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yake yasiyo ya chumvi hutoka Nile. Hofu ya Mmisri juu ya mto si majivuno, ni kiu. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi hofu hiyo iliandikwa kwenye mikataba na watu waliokuwa na madirisha, kwa niaba ya watu wasiokuwa nayo, huku Cairo na huku Shinyanga.

Julai 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo. Wakati huo mji ulikuwa nyumba ya pili ya wapigania uhuru wa bara zima, na Redio Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954. Marais walikuwa na mapokezi ya marais. Viongozi wa vyama vya ukombozi, ambao nchi zao zilikuwa bado hazijakombolewa, walilazwa kwenye boti iitwayo Isis, juu ya Nile yenyewe. Malcolm X, aliyekwenda Cairo kuwaomba viongozi hao wasiwasahau Waafrika wa Marekani, alilala humo pamoja nao, na baadaye alisema kwamba kukaa kwenye boti ile kulimpa nafasi ya kuwasikiliza na kujifunza. Miezi michache baadaye alikuwa Dar es Salaam. Napenda kufikiri kwamba katika malazi yote ya ukingoni mwaka ule, hayo ndiyo yaliyokuwa na mazungumzo bora.

Hoteli iliendelea kuona mambo. Septemba 1970 wakuu wa nchi za Kiarabu walikutana humo kusimamisha vita kati ya Mfalme Hussein wa Jordan na Wapalestina. Nasser alihamia hotelini siku hizo. Mapatano yalitiwa saini Septemba 27. Kesho yake, baada ya kuwasindikiza wageni uwanja wa ndege, alifariki nyumbani kwake. Januari 28, 2011, makao makuu ya chama tawala, jirani kabisa na hoteli, yaliwaka moto, na mamia ya maelfu wakaujaza Uwanja wa Tahrir. Kwa siku zile chache chumba cha thamani kilikuwa kile cha upande mwingine, kinachotazama watu. Jengo lililoungua lilibomolewa 2015, mwaka uleule ambao hoteli ilifunguliwa upya kwa jina jipya. Mwaka 2018 mtaa wa kimaskini wa Pembetatu ya Maspero, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, nao ulivunjwa ili kupisha majengo mapya. Ulikuwa karibu mno na mto.

Kuhusu maji yenyewe, Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutia saini Entebbe mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudan bado hazimo.

Jioni, Wamisri wasio na dirisha huenda Daraja la Qasr al-Nil, lile lenye simba wa shaba. Wachumba huegemea chuma, watoto hula mahindi ya kuchoma, wauza chai hupanga viti vya plastiki njiani hadi polisi wawafukuze, kisha hurudi. Kutoka pale mto unaonekana vizuri kuliko kutoka ghorofa yoyote ya hoteli, na hakuna anayelipia.